Vazelini kwenye Mikono ya Yaya

Yaya, dada yangu mukubwa, anasuka nywele mbele ya nyumba yetu, hapa Keshero, mutaa wa Goma. Mikono ile ndiyo inatulisha. Basi ilipoanza kukauka na kupasuka, magamba kati ya vidole, wateja wakawa wananivuta pembeni: "Haiko ile ugonjwa ya kuambukiza?" Jirani mumoja, mama mwenye mudomo, akainuka kichwa kikiwa hakijaisha kusukwa. "Usiniguse tena!" Akaenda zake hivyo hivyo, nusu matuta, nusu kichaka. Nilikasirika sana, lakini nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Yaya hakucheka. Alifanya kile watu wa Goma tunafanya tukiona ngozi imekuwa mbaya: alichukua jiwe la volkano, lile la kusugulia visigino, akasugua mikono mupaka damu. Juu yake akapaka losheni ya harufu kali. Weee, ilimuwaka! Kesho yake hata kitana hakushika.

Nikamupeleka kwa munganga wa ngozi. Mwanamuke yule aliigeuza mikono ya yaya bila woga, akasema haiambukizi. Maji, sabuni na dawa za nywele vimeondoa mafuta ya ngozi, na ngozi bila mafuta haiwezi kutunza maji yake. "Mama, jiwe libakie kwa visigino. Mafuta ya harufu, hapana. Ukinawa, pangusa kidogo tu, halafu paka vazelini ya kawaida wakati mikono ingali na majimaji." Akamuandikia na dawa ya kupaka kwa muda mufupi.

Mimi ningechoka mapema. Yaya, thubutu! Kila akinawa, anapaka. Akaanza kulala na soksi mikononi. Tulimucheka, naye akatutishia na ngumi ya soksi. Nilikuwa nampenda siku zote, lakini hapo nilimuheshimu. Polepole mipasuko ikafunga, ngozi ikalainika.

Lakini jirani hakurudi, na wateja wengine walikuwa wanangojea waone kama yeye atarudi.

Jumapili moja tukitoka misa tukakutana na jirani yule, mutoto mugongoni, kitenge kinafunguka. Yaya akaficha mikono nyuma.

"Mama, unishikie mutoto," jirani akasema.

Yaya akasita, kisha akamupokea. Mutoto akakamata kidole cha yaya, akakitia mudomoni. Mama yake aliona vizuri, akaendelea kufunga kitenge chake bila haraka.