Kiti Kitupu cha Mpiga Dramu

Saa nne asubuhi, Trevor Tonks ameinamia ndoo ya viazi nyuma ya duka la chipsi mjini Walsall, Uingereza. Anamenya huku akivumisha wimbo puani. Kwenye kope yake kuna punje ya rangi inayometa, mabaki ya onyesho la Jumamosi.

"We nyota, nawa uso!" anafoka Brenda, mwenye duka. "Jana mteja kaniuliza kama samaki wangu wanavaa hereni."

"Mwambie urembo ni bure, mama," Trevor anajibu, akicheka mpaka anakohoa.

Ana miaka sabini na mitatu. Mwaka 1973 alikuwa mwimbaji, walimwita Nova Sterling: buti za soli nene kama tofali, rangi usoni, suti ya fedha aliyoshonewa na mama yake kwa kitambaa cha pazia. Nyimbo mbili zilipendwa. Wa tatu haukununuliwa, akarudi kwenye kiwanda cha kufuli mpaka kilipofungwa.

"Umaarufu siulilii," anasema. "Hamu yangu ni Nev."

Neville ni mdogo wake, mpiga dramu. Kila wimbo aliuanzisha yeye, kwa kugonganisha fimbo za dramu mara nne. Mwaka juzi kiharusi kilimfunga ulimi na mkono wa kulia. Trevor bado huimba kila Jumamosi kwenye klabu ya wafanyakazi mtaani kwao, kiti cha dramu kikiwa kitupu nyuma yake. Hujianzishia mwenyewe, na kila mara huanza mbiombio.

Jumamosi iliyopita alimleta Nev kwenye kiti cha magurudumu. Kabla Trevor hajapanda jukwaani, ikaanza bingo, mchezo wa kubahatisha wa kufuta namba kwenye kadi. Katika klabu hizi, bingo ikianza hata mwimbaji hufunga mdomo. Anayekohoa hutazamwa kama mwizi.

Ndani ya kimya kile, ko, ko, ko, ko. Neville alikuwa anagonga meza kwa kalamu ya bingo, mkono wa kushoto.

"Nani huyo?" msoma namba akang'aka. "Nev, unatuharibia!"

"Hebu muache!" akadakia Sheila, bibi aliyebakiza namba moja tu ashinde. Akasukuma kadi yake kando, akapiga mguu sakafuni. Meza ya jirani ikafuata, kisha ukumbi mzima.

Trevor akakimbilia maiki. Sauti haikutoka.

"Nilifungua mdomo tu," anasema, akikung'uta maganda mkononi. "Nev ananitazama, anangoja niingie. Nikashindwa. Akaiweka kalamu chini."

Tangu siku hiyo Neville hajagonga kitu. Jumamosi hii Trevor atamwekea ngoma ndogo ubavuni, upande wa mkono ulio mzima.

"Sianzi mimi safari hii. Nitasimama pale kimya, wanizomee wakitaka."

"Na asipogonga?" Brenda anauliza, taratibu sasa.

Trevor anachukua kiazi kingine, anavuta pumzi ya wimbo, halafu anatulia, kisu hewani, akiacha nafasi ya mapigo manne ya Nev.