Meja Thursby na Mlango wa Mbele

Kwamba Meja Lionel Thursby alikuwa shujaa, hakuna aliyebisha pale kijijini Wistanbury. Msalaba wa Kijeshi, ile nishani ya ushujaa, aliupata kihalali. Mwaka 1944, huko Italia, alikatiza shamba la mizabibu peke yake mchana kweupe, akazinyamazisha bunduki mbili za bombomu za Wajerumani, akarudi amepungukiwa na kipande cha sikio. Mkuu wake aliandika kwamba hajapata kuona mtu asiyejua hofu kama yule. Ama kweli mkuu huyo hakuwahi kufika nyumbani kwa akina Thursby akamkuta Meja akiomba ruhusa ya kuwasha kiko.

Alizaliwa katika nyumba ile ile ya mawe iliyo kilimani, juu zaidi ya kanisa. Alipotimiza miaka saba walimpakia kwenye treni na sanduku lake, wakampeleka shule ya bweni, wakamwambia asilie, naye hakulia. Alipofika kumi na minane wakamwambia aingie jeshini, akaingia. Wakamwambia India, akaenda India. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuambiwa, na mtu wa kuambiwa hupendeza sana vitani. Amani ndiyo iliyomshinda, maana huko mtu hujiamulia mwenyewe.

Aliporudi mwaka 1946, kazi ya kumwambia aliichukua dada yake, Bi. Winifred. Alikuwa kimwanamke cha kilo arobaini na tano, kifua kibovu, na hakupata kupaza sauti siku hata moja. Alikuwa akisema tu "Lionel," basi, kama mtu anayemwita mbwa wake ashuke kwenye kiti. Naye Lionel hushuka. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, masharubu yamechongwa vizuri, na kila Novemba alisimama mbele ya mnara wa waliokufa vitani na medali zake kifuani, wanakijiji wakimtazama kwa heshima. Akirudi nyumbani anaulizwa kama amejifuta viatu.

Sasa mtu huyu akapenda. Alimpenda Bi. Gwenda Pardoe, mjane aliyeendesha posta, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mcheshi, mwenye mikono mikubwa na kicheko kinachosikika hadi barabarani. Kila asubuhi saa nne kamili Meja aliingia posta akanunua stempu moja. Moja tu, ili kesho apate sababu ya kurudi. Akishaipokea husema jambo juu ya mvua, halafu anabaki amesimama pale, amekuwa mwekundu shingoni, hadi aje mteja mwingine.

"Hivi Meja," Bi. Pardoe alimwuliza siku moja, "stempu zote hizi unabandika wapi? Maana barua zako sizioni mimi, na zote zingepita hapa hapa."

"Zinafaa," alisema Meja. "Huwezi kujua."

"Kujua nini?"

"Nadhani mchana kutanyesha."

Miaka mitatu mizima! Kijiji kizima kilijua, hata kasisi alijua, na mwanamke mwenyewe alikuwa amechoka kusubiri. Alimpenda, hilo lisifichwe. Alipenda upole wake, na namna alivyovua kofia mbele yake kama mbele ya malkia. Lakini mwanamke hawezi kuzeeka nyuma ya dirisha la posta akisikiliza habari za mvua. Kwa hiyo Oktoba 1949 akapiga moyo konde, akasema yeye.

"Enoch Yapp ameniposa," akamwambia, akiichana stempu taratibu. Yapp alikuwa fundi baiskeli wa pale pale kijijini, mtu mwema, asiye na maneno mengi. "Anataka jibu Jumapili. Sijajua nimjibu nini. Sijui kama kuna mtu mwingine ana la kuniambia kabla ya hapo."

Meja alilishika lile sikio lake lililopungua.

"Njoo kwetu unywe chai," akasema. "Alhamisi. Saa kumi."

Asiyeijua Wistanbury ataona chai ni chai. Lakini mwanamke wa dukani au wa posta hakaribishwi chai kwa akina Thursby. Akifika huko hufika kwa mlango wa jikoni, anatoa alicholeta, anashukuru, anaondoka. Kuitwa chai, saa kumi, ni kuingia kwa mlango wa mbele na kuketi sebuleni, na Meja asingeweza kumwita hivyo kama hana nia ya kusema lile neno. Bi. Pardoe alilijua hilo. Alimjibu kwa kichwa tu.

Sukari bado ilikuwa ya mgao. Meja alikunywa chai chungu juma zima ili mpishi apate sukari ya keki, na hilo tumhesabie wema. Alhamisi akavaa koti lake zuri, akasimama ukumbini tangu saa tisa na nusu. Dada yake hakuambiwa. Alikuwa amepanga kumwambia asubuhi, kisha wakati wa chakula cha mchana, kisha akakaa kimya, akatumaini tu Mungu atasaidia.

Saa kumi kengele ya mbele ikalia. Bi. Winifred ndiye aliyeufikia mlango kwanza.

Bi. Pardoe alikuwa amevaa kofia mpya na glavu nyeupe, na mkononi alishika chupa ya jamu ya plamu aliyoipika mwenyewe.

"Bi. Pardoe," alisema Winifred. "Barua zinapokelewa jikoni."

"Sikuleta barua mimi. Nimeitwa chai."

"Lionel?" alisema Winifred, bila hata kugeuka.

Basi hapo ndipo palipokuwa na vita yake, na adui mwenyewe akikohoa ndani ya kitambaa. Neno moja lingetosha. Angesema "mgeni wangu," au "pisha," au hata "karibu," yangekwisha.

"Ah. Bi. Pardoe. Vizuri sana umekuja. Ila, unajua, kuna rangi mbichi hapa mlangoni. Kama usingejali, labda ungezunguka tu huko nyuma... halafu tutaona."

Bi. Pardoe alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaupitisha kwenye mwimo wa mlango kutoka juu hadi chini, akamwonyesha glavu. Ilikuwa nyeupe pe.

"Imekauka, Meja," akasema kwa upole. Alimpa nafasi, maskini. Mwanamke mwingine asingempa.

"Ah," alisema Meja. "Vizuri. Hata hivyo..."

"Hata hivyo!" Sasa ndipo alipochemka. "Wale Wajerumani nao uliwaomba wazunguke? Mwanamume mzima! Msalaba kifuani, na dada mtu anakufanya ufyate mkia! Chai yako kainywe na mbwa."

Akaondoka na jamu yake. Hakupita posta, alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya Yapp, aliyekuwa na mikono miwili ndani ya mnyororo wa baiskeli, akampa jibu siku tatu kabla ya wakati. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani Jumapili tatu, na Novemba wakaoana. Kwa kuwa desturi ni afisa wa jeshi aliye kijijini kuwatakia heri maharusi, Meja alisimama akatoa hotuba nzuri sana, glasi mkononi, bila kutetemeka. Watu wakapiga makofi.

Bi. Winifred alikufa Februari iliyofuata. Kikohozi kile kile, siku nne kitandani, basi. Kaburini watu walipanga foleni kumpa Meja mkono wa pole, wakinong'ona jinsi anavyojikaza kiaskari. Akina Yapp nao walifika. Ilipofika zamu ya mke, Meja aliukamata mkono wake, akauzuia kupita kiasi.

"Sasa nyumbani hakuna mtu, Gwenda," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

"Najua, Meja," alisema yeye. "Pole sana." Akautoa mkono wake taratibu, akamfuata mumewe.