Gari la Viti Viwili Kutoka Usagara

Miaka mingi nimechekwa kwa ajili ya magari. Wenzangu hapa Moshi wakitaka kununua gari huuliza linabeba magunia mangapi. Mimi nilikuwa natafuta gari dogo la michezo, jepesi, la viti viwili, gia za mkono na paa la turubai la kufunua. Kwa hiyo picha ya gari la namna hiyo ilipotumwa kwenye kundi letu la wapenda magari, usingizi uliniruka. Lilikuwa la Kijapani, la bluu, la zamani kidogo, na lilikuwa Tanga. Nilipiga simu, akapokea mwanamume mpole aliyejitambulisha kwa jina la Imrani, mwenye duka la vyombo mjini, akaniambia gari ni la mama yake. Tulielewana bei, ambayo siitaji hapa kwa sababu mke wangu naye husoma. Mke wangu alisema neno moja tu: "Ukirudi na gari bovu, utalala humo humo." Viti vya gari la aina hiyo, nijuavyo, havilali.

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda basi la Tanga, nimebeba begi lenye tochi na turubai kuukuu la kulalia chini ya gari nikilikagua. Njia nzima nilikuwa nalinunua na kuliacha kichwani. Tulipofika Mombo nilikuwa nimeshapata hoja za kumfanya Imrani apunguze bei kidogo. Tulipoingia mashamba ya katani ya Muheza nilikuwa nimeshaona haya kwa hoja zangu.

Tanga ilinipokea mchana kwa joto lile la pwani linalokushika shingoni. Imrani alinifuata kituoni na kirikuu cha dukani, kile kigari kidogo cha mizigo, tukaenda nyumbani kwao, mtaa wa Usagara. Babu yao alitoka India zamani na tangu hapo ukoo mzima ni wafanyabiashara wa Tanga. Barazani alikaa mama mtu mzima, mtandio mweupe kichwani, fimbo ya kutembelea miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa Moshi hawajambo? Kaa, unywe chai kwanza. Gari halikimbii bila mtu."

Huyo ndiye Bi Shirini. Nilinywa chai ya maziwa yenye iliki, nikala bajia nyingi kuliko inavyofaa kwa mgeni, kisha nikauliza kama marehemu mumewe alikuwa akilitunza gari mwenyewe. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Dereva nilikuwa mie! Marehemu hakupata kushika usukani wa gari hili hata siku moja. Kila Ijumaa jioni tukifunga duka nampeleka matembezi. Mara Kigombe kula pweza, mara Muheza, mara mbele huko. Sasa magoti hayataki klachi, ndo nauza. Haya, njoo nikuoneshe aibu zake."

Sikupata kusikia muuzaji akisema hivyo. Wauzaji wote niliowahi kukutana nao huanza na sifa. Bi Shirini alisimama mbele ya gari, akanyoosha fimbo. Kutu hapa, chini ya mlango wa kushoto, kazi ya chumvi ya bahari. Turubai linavuja hapa, kwenye mshono. Gia ya pili inagoma mpaka injini ipate moto. Tochi yangu ilibaki begini. Nililala chini ya gari kwa ajili ya kujiridhisha tu, na sikuona kutu nyingine zaidi ya ile aliyonionesha yeye.

"Kuficha aibu ya mali ni haramu," alisema. "Ukiyakubali haya, sema."

"Nimekubali, mama."

"Nami nimeuza."

Fedha zilipita benki kwa simu, kadi ya gari ikatiwa sahihi, Imrani akanipa mkono na funguo. Nilijiona mwenye gari. Hapo Bi Shirini akajifunga mtandio vizuri, akaenda taratibu mpaka mlango wa kushoto, akasema, "Haya, twende."

Nilimgeukia Imrani. Akanivuta pembeni, uso umejaa haya.

"Nisamehe, nilipaswa kukueleza. Kwa dini yetu, mkishauziana, kila mmoja ana hiari ya kuvunja biashara maadamu hamjaachana. Mkiachana, imekwisha. Kwa hiyo mama atakusindikiza. Mimi n'tawafuata na kirikuu nimrudishe."

"Anasindikiza mpaka wapi?"

"Hapo sijui. Mnunuzi wa kwanza tulimrudishia fedha zake Pongwe."

Kumbe nilikuwa nimelipa lakini sijanunua. Kutoka pale, gari lingekuwa langu au lisiwe langu kwa namna nitakavyoliendesha mbele ya mwanamke aliyelijua kuliko alivyojua vyombo vya duka lake.

Kutoka Usagara hatukufika mbali. Kwenye makutano ya kwanza nilitia gia ya pili, nayo, kama nilivyoambiwa na kusahau, ikagoma kwa kelele ya kusaga iliyomfanya mwuza mahindi ageuke.

"Pole," nikasema.

Bi Shirini akanikazia macho. "Umemwambia nani pole?"

"Gari, mama. Limenitoka tu."

Alicheka mpaka akashika goti. "Yule wa mwanzo alilitukana," alisema. "Tusi la nguoni, mbele yangu! Nikamwambia geuza."

Pongwe tulipita bila kusimama, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Injini ilikuwa imepata moto na gia zinaingia zenyewe. Wasomaji wasiopata kuendesha gari jepesi wanisamehe, maana sina namna ya kuwaeleza vizuri. Umezoea kulibeba gari mikononi kwenye kila kona, halafu unapata moja ambalo ukifikiri kulia, limeshakwenda kulia. Nilikuwa na furaha iliyonitia hofu. Nilishalipenda, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa amekaa kushoto kwangu.

Muheza tulisimama kwenye vibanda vya machungwa. Imrani alishuka kwenye kirikuu akaja dirishani.

"Mama, hapa si panatosha? Jua linakwenda."

"Mbele kidogo," alijibu. Kisha akaniambia mimi, "Funua paa."

Nilifunua. Upepo ukaingia na harufu ya machungwa, na baada ya mji safu ya milima ya Usambara ikajitokeza upande wa kulia, kijani kibichi, mawingu yamekaa mabegani mwake. Sikuthubutu kuitazama. Kila nilipoiba jicho niliona Bi Shirini amegeuka kwangu, ananitazama. Nikajua anahesabu makosa. Nikanyoosha mgongo, nikashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva siku ya mtihani. Lori likitupita, anatazama. Nikipunguza kwenye tuta, anatazama. Nilifikiri, mama huyu amebadili nia na anaona haya kuniambia.

Segera, pale barabara ya Tanga inapokutana na ile ya kwenda Moshi na Dar es Salaam, nilisimama mbele ya mkahawa, nikazima injini. Sikuweza kuendelea hivyo. Imrani akasimama nyuma yetu.

"Mama," nikasema, na sauti yangu sikuipenda, "gari ni zuri kuliko nilivyoota. Lakini kama nafsi yako haijaridhika, lichukue. Sitaki kwenda nalo ukiwa na kinyongo. Nitapanda basi."

Alilaza mkono kwenye mlango.

"Nawe u mwoga kweli," alisema. "Biashara yako ilishaniridhisha pale uliposema pole."

"Sasa mbona umekuwa ukinitazama njia nzima?"

"Nani akutazame wewe?" Akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Sikiliza, mwanangu. Hiki ni kiti cha marehemu. Miaka yote ile mie sikukikalia, nilikuwa huko uliko wewe. Kila tukipita hapa alikuwa akinambia, 'Shirini, milima leo mizuri.' Namwambia, mie naendesha bwana, itazame wewe. Yule mnunuzi wa mwanzo hatukufika kwenye milima. Leo nikasema, basi niione nami hiyo milima yake kabla gari halijaondoka."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Lakini milima yote iko upande wa dereva. Huwezi kuitazama ila umtazame anayeendesha." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe alikuwa ananitazama mie. Miaka yote ile, nami namwona mpenda milima."

Nilizunguka nikamfungulia mlango, Imrani akaja, tukamtoa pole pole, maana gari lile liko chini na magoti yake hayakutaka. Alipopata kusimama, aligonga boneti mara mbili kwa kiganja, kama mtu anavyomuaga ng'ombe. Akaenda kwenye kirikuu bila kugeuka. Alipokwisha kuketi ndipo akatoa kichwa dirishani.

"Tumeachana!" alipaza sauti. "Sasa hata ukinililia, silirudishi!"

Kutoka Segera nilipita Korogwe na Mombo paa likiwa wazi, nikimwombea Bi Shirini dua kwa maneno ya dini yangu, kwani sijui ya dini yake. Nilikwenda Tanga nikiwa na hoja za kupunguza bei, nikarudi na deni la shukrani ambalo sitalimaliza. Nilishaandika katika safu hii mara nyingi kuhusu uzito wa magari, nguvu za injini na namna ya kukata kona, na kila mara nimeandika kama dereva aliye peke yake barabarani.

Jumapili baada ya kanisa, mke wangu alilizunguka gari mara mbili, akaangalia kutu, akakubali kwamba sitalala humo. Nikampa ufunguo. Alituendesha hadi Himo, na tulipokuwa tunarudi Moshi mawingu yakafunguka, Kilimanjaro ikasimama yote upande wa kulia.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Mbona unanitazama hivyo?"

Nikamwambia natazama mlima.