Siku Mama Alipokosea Somo

Mimi ni mbishi, na ubishi wangu una ukoo. Mtu akiniambia pale mpakani Kasumulu, tunapovukia kwenda Malawi, kwamba utaratibu umebadilika, kabla sijakasirika namuuliza kwanza imeandikwa wapi. Wafanyabiashara wenzangu wananicheka, eti huyu mama hata daraja hawezi kulivuka mpaka alisome. Wacheke tu. Nimeutoa kwa mama yangu, mkulima wa kakao na mpunga wa Katumba Songwe, ambaye maisha yake yote hakukubali neno la mtu, awe mchungaji, awe daktari, mpaka alione mwenyewe kwenye karatasi.

Naye aliutoa kwa mama yake. Bibi aliomba kubatizwa akiwa tayari na watoto wawili, akaambiwa ajifunze kusoma kwanza. Kanisa letu ni la Kiprotestanti, na Waprotestanti wa enzi zile hawakutaka muumini wa kusomewa. Basi bibi akafunga mtoto mgongoni, akaenda kukaa benchi moja na vijukuu vya jirani, akafundishwa herufi. Babu alinung'unika kwamba ndizi zinachelewa kuiva jikoni. Mama hupenda kutusimulia hayo kuliko anavyopenda kusimulia harusi yake, na kila mara anamalizia, "Zilichelewa, lakini alisoma."

Ndiyo maana kanisani kwetu kila mtu anakuja na Kitabu chake. Msomaji akisimama mbele, wengine wote wanafungua palepale, wanaweka kidole kwenye mstari, wanamfuata. Hawasikilizi tu, wanakukagua. Ukiruka neno, vichwa vinainuka. Mama alikuwa msomaji wa somo tangu mimi ni msichana, na sijawahi kuona kichwa kikiinuka.

Mimi mwenyewe niliacha kwenda. Sikugombana na Mungu, niligombana na kamati ya ujenzi, nikasusa. Nilipohamia Mbugani kwa ajili ya biashara ya mchele, nikakuta kila mtaa una nabii wake na spika zake. Jirani yangu mmoja alimkuta mama amekuja kunitembelea, akamkaribisha kwenye ibada ya kupakwa mafuta. Mama akamshukuru vizuri kabisa, kisha akamwambia, "Mafuta? Mawese si ninayo jikoni." Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwaka juzi mama alianza kunitaka niende kwake kila Jumamosi. Nikifika, ananipa Kitabu. "Hebu nisomee somo la kesho, nione kama bado unajua kusoma." Nasoma. "Tena." Nasoma tena. "Tena, polepole, unakimbilia wapi?" Nilijua fika anachotafuta. Mama ananivua taratibu kama samaki, nilijiambia, anataka kunirudisha kanisani. Nikamwachia. Nilimpenda kwa ujanja ule, na kusema kweli nilizipenda Jumamosi zile, yeye amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, midomo inacheza. Nilidhani anasali.

Jumapili ya mavuno ya mwaka uliofuata nilikwenda naye, kwa sababu kulikuwa na gunia la mpunga na mikungu miwili ya kupeleka, na bodaboda yeye hapandi. Nikakaa nyuma karibu na mlango, mahali pa watu waliosusa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza ibada akatangaza, "Mama yetu atatusomea habari ya mpanzi aliyetoka kupanda."

Nikashtuka. Jana yake nilikuwa nimemsomea habari ya mjane na kiganja chake cha unga. Nilikuwa nimeitoa kwenye kalenda ya kanisa iliyo ukutani kwake. Mama hatupi kalenda. Ananing'iniza mpya na ya zamani kwenye msumari mmoja, na siku hiyo ya juu ilikuwa ya mwaka uliopita, ambayo tangu zamani aliipenda kwa picha yake ya ziwa. Nilikuwa nimekosea mwaka. Nikajisemea, si kitu, kurasa ziko mbele yake, atasoma yaliyopo.

Mama alisimama mbele ya Kitabu kikubwa kilichokwisha kufunguliwa. Watu wakamngoja na vidole vyao. Kisha akaanza, kwa sauti yake ileile nzuri, mpanzi akatoka, mbegu zikaanguka njiani, ndege wakaja. Vizuri. Lakini habari hiyo wameiandika watu watatu tofauti, kila mmoja na maneno yake, na mama alianza kwa maneno ya mmoja akaingia kwenye maneno ya mwingine. Kichwa cha kwanza kikainuka. Cha pili. Benchi zima la akina mama likainuka. Yeye akaendelea, macho yameelekea kwenye ukurasa, na mimi kule nyuma nikaona kwamba macho yale hayasogei.

Jamani! Jumamosi zote zile sikuwa navuliwa mimi. Mama alikuwa anaazima macho.

Akanyamaza katikati ya sentensi. Akafunga Kitabu kikubwa kwa mikono miwili. "Sisomi," akasema. "Sioni. Sijaona herufi tangu mwaka jana. Nimekuwa nikikariri na kujifanya nasoma, na ninyi mmeniamini. Nimewadanganya mbele ya madhabahu."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nikasema kwa sauti kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyemsomea somo lisilo lenyewe. Mama akageuka kuelekea mlangoni.

"Kaa chini," akasema. "Wewe ulikosea. Mimi nilisema uongo. Usinichukulie langu."

Nikakaa. Mwanamke wa miaka hamsini, nimekaa kama mtoto wa darasa la kwanza, na machozi yananidondoka kwenye kitenge.

Baada ya ibada baraza la wazee lilikaa ofisini. Mchungaji, kijana mpole, alitaka kuyamaliza palepale. Akasema mama ni mzee, ametumika miaka mingi, nani asiyeelewa, tumwombee twende zetu. Mama akamkatiza. Akataka utaratibu wa kanisa ufunguliwe usomwe, sehemu ya mtumishi aliyedanganya kanisa. Wakatazamana. Wakausoma. Ulisema asikaribie Meza ya Bwana wala asihudumu kwa muda watakaoona wazee, akae benchi la nyuma. Wakaona Jumapili tatu, na mzee mmoja alilisema hilo huku akijifuta macho.

Nilipandwa na hasira njia nzima ya kurudi. Mama wa miaka sabini na sita! Anawekwa nyuma kama mlevi! Nikasema nitarudi niwaambie lao, wanajua walivyonizoea. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Walitaka kunihurumia," akasema. "Wangenihurumia leo, kesho wasingenisikiliza tena. Ningekuwa kikongwe tu, wa kupitishiwa chai. Sasa mimi bado ni mtu, mwanangu. Nimekosa, nimeadhibiwa."

Sikurudi kuwaambia lao, na kwangu hilo ni tukio.

Jumapili tatu nilikaa naye benchi la nyuma. Wenzake walipokwenda mezani, alibaki na mikono mapajani, ametulia, na nilimshika mkono mmoja, akaniachia. Katikati ya wiki nilimpeleka hospitali. Mtoto wa jicho, wakasema, na jicho moja limeshakwenda. La pili tungoje zamu ya upasuaji. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama hayo yameandikwa kwenye cheti, nikamsomea cheti chote.

Alichoogopa hakukisema mpaka Jumamosi iliyofuata Jumapili ya tatu. Nilikuwa nimemaliza kumsomea, safari hii kutoka kalenda ya mwaka wenyewe. Akaniuliza, polepole, kama nadhani watampa mwingine nafasi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nikamwambia sijui, mama, kweli sijui.

Kesho yake mchungaji alimwita mbele. Aliongozwa hadi pale, lakini safari hii hakukuwa na Kitabu mbele yake, na mikono yake haikujua ikae wapi. Mwishowe ikashika pindo la kitenge.

"Sisomi," akaliambia kanisa. "Nasema kwa kichwa. Fungueni, mnikague."

Kurasa zikafunguliwa kanisa zima. Mimi nilifungua cha kwake, chenye jalada lililoshonwa kwa uzi, nikaweka kidole. Alikwenda vizuri hadi katikati. Kisha akaruka neno, neno dogo tu.

Hakuna kichwa kilichoinuka. Kanisa lote lilimtamkia neno lile kwa pamoja, wazee na watoto, na mimi humo humo, kwa sauti kubwa kuliko wote kama kawaida yangu. Mama akageuza uso hadi ukaelekea nilipokuwa.

"Ndaga fijo," akasema, ahsanteni sana, kwa Kinyakyusa chake cha nyumbani. Akalirudia neno, akaendelea.