Meno ya Bi Ingeborg na Kome la Uhuru

Jirani yangu Bi Ingeborg ameuza samaki mjini kwetu, hapa kisiwani St. Croix, Karibi, tangu mimi sijaolewa. Mashua ikifika, hushika kome lake, gamba kubwa la baharini, akalipuliza mara tatu, fupifupi, na kila nyumba ikatoa mtu na bakuli. Na kila tarehe tatu Julai, siku babu zetu, watumwa walioitwa kwa mlio wa kome, walipojitwalia uhuru wao, yeye ndiye hulipuliza bustanini, chini ya sanamu la mtumwa mwenye panga mkononi na kome mdomoni. Siku hiyo mlio huwa mmoja tu, mrefu, mpaka pumzi iishe.

Mwaka huu akatiwa meno ya bandia. Uzuri aliupata, lakini kila akipuliza, upepo ulivujia pembeni. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Bwana Petersen, mtu wa kuvaa tai hata kwenye joto, akamjia na maneno ya asali.

"Mama, pumzika. Tutapiga kanda kwenye kipaza sauti."

Nilimkuta Bi Ingeborg jikoni, ugali wake wa bamia umepoa mbele yake.

"Mama yangu alilipuliza, na mama yake pia," akaniambia. "Mimi ndiye wa kulizima?"

"Si uyatoe hayo meno!"

"Mbele za watu, Eulalie? Nami kibogoyo hivi?"

"Kwani ulikuwa mrembo lini?"

Akacheka mpaka akapaliwa, nami nikajua ameshakubali.

Siku yenyewe watu walikuwa haba, kama kawaida: kamati, mchungaji, na wazee wa viti vya mbele. Wengine wako majumbani, sikukuu kwao ni usingizi. Hilo huniudhi kila mwaka. Kabla Bwana Petersen hajawasha mtambo wake, Bi Ingeborg akanitia kitambaa mkononi. Meno yamo ndani. Akainua kome.

Kome likalia. Lakini lo! Fupi, fupi, fupi. Mdomo uliozoea biashara haukumngoja mwenyewe.

"Mama, hiyo ya samaki!" Bwana Petersen alinong'ona, kipaza sauti kiko wazi, mtaa mzima ukasikia.

Milango ikaanza kufunguka. Wakaja na mabakuli, na masufuria, na mmoja na ndoo. Hezekia fundi baiskeli alikuja na povu la sabuni shavuni, nusu ya ndevu hajanyoa. Bustani ikafurika, sijapata kuona watu wengi hivyo mbele ya sanamu lile.

"Bi Inge, pono wapo?" Hezekia akauliza.

"Pono hakuna. Leo tarehe tatu."

"Sasa umetuitia nini, mama? Mimi nimeacha wembe!"

Bwana Petersen alikuwa ameshika kichwa. Bi Ingeborg akalitazama sanamu, kisha akayatazama mabakuli yale yote matupu.

"Na wale wa zamani," akasema, kibogoyo vilevile, bila haya, "kome lilipolia, mnadhani kila mtu alijua anaitiwa nini? Walitoka na walichokuwa nacho mkononi. Nanyi mmeshatoka. Simameni."

Hezekia akajifuta povu kwa kiganja. Hakuna aliyegeuka kurudi. Ndipo Bi Ingeborg akapuliza ule mlio mrefu, mzima, hauvuji hata kidogo, ukapita juu ya mabati ukaenda zake baharini. Nililia, na sikujificha.

Baadaye Bwana Petersen alikuja akikunja nyaya zake. Alisimama kidogo, kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Mama, mwakani... uanze na ile ya samaki."

Bi Ingeborg akaninyooshea mkono nimpe meno yake. Akayapachika taratibu, akayajaribu kwa ulimi, mwenyekiti akingoja jibu.

"Nitaanza nayo," akasema. "Na wewe uje na bakuli."