Bitana ya Koti la Nahodha

Siku Alden Purvis alipokufa, Verna Stachura alikuwa na pini nne mdomoni na suruali ya mtu mezani. Redio ya dukani ilisema mwigizaji aliyejulikana na wengi kwa jina la Nahodha Tarrow wa tamthilia ya Doria ya Mbali amefariki kwa saratani akiwa na miaka sabini na saba, kisha ikahamia kwenye habari za theluji. Verna akazitoa pini moja moja. Akamaliza upindo wa ile suruali, maana mwenyewe alikuwa anaifuata saa kumi. Ndipo akaingia stoo, akajifungia na madumu ya sabuni, akalia huku akiitukana redio.

Alikuwa fundi wa kurekebisha nguo kwa dobi wa mtaa wa Peach, hapo mjini Erie, Marekani, mwaka wa thelathini na moja sasa. Umri sitini na mbili, magoti mabovu, ulimi mbovu zaidi. Mume aliondoka zamani na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimletea gauni la kubana siku mbili kabla ya harusi, atalibana na atakusema. Mtu mmoja tu hakuwahi kumsema, naye ndiye huyo aliyetajwa na redio kwa sentensi moja.

Chama cha mashabiki wa Doria ya Mbali pale Erie ndicho cha kwanza kuanzishwa, kwa sababu Purvis alizaliwa Erie, na kila Oktoba alirudi kukaa siku mbili hotelini, kutia saini picha na kujibu maswali yale yale. Wanachama wana vyeo kama wa kwenye meli. Mwenyekiti wao, Glenn Haskett, muuza vigae, mtu mzima na mvi zake, anataka aitwe Kamanda, na wapo wanaomwita Kamanda hata wakikutana benki. Sare zao zote, mia na zaidi, alizishona Verna. Yeye mwenyewe alikuwa Luteni, mpaka Oktoba ya mwaka juzi.

Oktoba ile watu walipanga foleni tangu asubuhi. Kufika saa tisa Purvis alikuwa hajala, kalamu inamponyoka, na foleni bado imezunguka ukumbi mara mbili. Verna akasimama mbele ya meza. "Basi, imetosha," akasema. "Nendeni makwenu. Huyu ni mtu, si muhuri." Wengine walikuwa wametoka Buffalo na Toronto kwa ajili ya saini hiyo. Walimzomea. Glenn akamvua beji mbele ya wote, na tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyemsalimu, hata wale ambao aliwapanulia viuno vya suruali mwaka hadi mwaka asimwambie mtu.

Wasichokijua ni kilichokuwa ndani ya koti.

Koti la Nahodha Tarrow, la buluu iliyokoza na ukosi wa rangi ya fedha, lilikuwa lile lile la kwenye tamthilia. Purvis aliondoka nalo studio siku ya mwisho ya kazi, na hakuwahi kupanda jukwaani bila hilo. Kila Septemba alilileta kwa Verna. Miaka ya mwanzo ilikuwa kulipanua. Halafu, miaka sita iliyopita, alikuja akalivaa likamning'inia, akasimama mbele ya kioo cha dukani. Verna akapitisha tepu ya kupimia kifuani mwake, akasoma namba, akaipitisha tena.

"Unaumwa," akasema.

"Ndiyo. Daktari anajua, mimi najua, na sasa wewe."

"Na hao wa hotelini?"

"Hao wanakuja kumwona Tarrow. Mimi hawanijui, na sina ugomvi nao kwa hilo. Nitengenezee mwili wa Tarrow humo ndani. Ila wasije wakaona ndani, Verna. Hata nikishakufa. Niahidi. Glenn hasa."

Akaahidi. Alifumua bitana, akashonea pamba mabegani na sponji nyembamba kifuani, akarudishia. Septemba iliyofuata akaongeza. Kila mwaka Purvis alipungua na koti likanona, na kila Oktoba mashabiki walisema mzee hazeeki. Mabega mapana hayakumshtua mtu, kwani zama zile tamthilia ilipotengenezwa hata wasoma habari walikuwa na mabega ya namna hiyo.

Wiki moja baada ya kifo, tangazo likawekwa kwenye ukurasa wa chama. Maombolezo Jumapili saa nane mchana, hoteli ile ile. Mpwa wa marehemu, Corinne, atakuja kutoka Arizona na koti la mjomba wake. Na kutafanyika Kugeuza Koti.

Verna alisoma mara mbili. Hiyo ni desturi ya kwenye tamthilia: mmoja wa wanameli akifa, koti lake hugeuzwa ndani nje, na wenzake hupita mmoja mmoja kuweka kiganja kwenye bitana na kusema, "Tulikuona nje, sasa tunakuona ndani." Verna siku zote aliiona ni upuuzi wa waandishi walioishiwa. Sasa watu mia tatu walikuwa wanakwenda kuufanya upuuzi huo, simu zao zikiwa juu, kwenye bitana iliyovimba kama godoro. Hakuhitajika fundi kuelewa maana yake. Mtu yeyote angejua mzee wa watu alikuwa mifupa mitupu, na kufika jioni dunia nzima ingejua.

Akampigia Glenn.

"Naomba koti nusu saa kabla ya shughuli," akasema. "Kuna mshono nataka niukaze."

"Nani kakwambia lina mshono mbovu?"

"Nimelihudumia miaka mingapi, Glenn?"

"Kamanda."

"Haya, Kamanda. Nusu saa tu."

"Mimi nakujua wewe. Unataka ulishike peke yako upige picha, uonekane wa maana. Ulikatiza foleni ya watu waliotoka mbali, sasa unataka kukatiza na msiba."

"Basi nipe namba ya Corinne."

"Mawasiliano na familia yanapitia chama. Na chama ndio mimi."

"Chama ndio wewe na vigae ndio wewe," Verna akasema. "Na vyote vinabanduka."

Simu ikakatwa. Angeweza kumwambia ukweli, lakini Glenn huandika kwenye ukurasa wa chama hata akishikwa na mafua, na jina lake ndilo alilotajiwa siku ya ahadi.

Jumapili theluji ilikuwa imerundikwa mpaka kwenye madirisha ya hoteli. Mlangoni pa ukumbi alisimama Lyle, dereva wa gari la kusukuma theluji, amevaa sare aliyoshonewa na Verna.

"Huna beji, mama," akasema.

"Beji si mnayo nyie. Nani alikupanulia hayo makwapa, Lyle?"

"Wewe."

"Yanakubana?"

"Hapana."

"Basi sogea."

Lyle akatazama pembeni. "Nitakuacha usimame nyuma. Ukifungua mdomo nakutoa mimi mwenyewe."

Ukumbi ulijaa. Picha kubwa ya Purvis akiwa na miaka arobaini ilining'inizwa jukwaani, na kwenye meza ya nyuma palikuwa na kahawa, biskuti na vile vimkate vya soseji ambavyo bila hivyo hakuna shughuli Erie. Watu walikuwa wanalia. Walilia kweli, wanaume wazima na mikanda yao ya bastola za plastiki, na hilo lilimuudhi Verna kuliko kama wangejifanya. Miaka yote hiyo walisogea mbele ya uso wa mtu anayekufa wakamwomba atie saini na kwenye kikombe pia. Corinne, mwanamke mrefu mwenye pua ya mjomba wake, alikaa safu ya mbele katikati ya maofisa wawili wa chama, na hapakuwa na namna ya kumfikia.

Glenn alihutubia dakika ishirini, na kumi na tano zilimhusu yeye. Kisha akalitoa koti kwenye kiango chake, akaliinua juu, na ukumbi mzima ukasimama. Akaanza kuingiza mkono kwenye mkono wa koti ili aligeuze.

"Hilo silo," Verna akasema.

Vichwa vikageuka. Lyle akamshika mkono, lakini sauti ilikuwa imeshatoka, na Verna akaifuatisha nyingine upesi kabla ujasiri haujamwisha. "Hilo koti si la Tarrow. La Tarrow nililiunguza kwa pasi miaka sita iliyopita, mgongoni, tundu la kuingia sahani. Nikashona jingine linalofanana nalo. Mzee hakujua."

"Muongo," mtu akasema.

"Kamanda anajua uzi. Atazame ukosi kwa ndani. Uzi wa studio ulikuwa wa fedha."

Kila mwanachama alijua hilo. Glenn aliwahi kumnyima mtu zawadi ya sare bora kwa sababu ya uzi wa ukosi, na alitoa somo la saa nzima kuhusu uzi huo. Akavaa miwani, akafunua ukosi. Hakukuwa na uzi wa fedha. Ulikuwa umelika zamani, na Verna alishona upya ukosi ule kwa uzi aliokuwa nao, kama ambavyo fundi yeyote angefanya kwa koti linalovaliwa.

"Kijivu," Glenn akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili.

Ukumbi ukachafuka. Watu walikuwa tayari kumchukia, na sasa walipewa sababu ya kutosha. "Miaka sita tunapiga picha na tambara?" mmoja akauliza. Mwingine akasema alijua tu, tangu siku ile ya foleni alijua huyu mama ana roho mbaya. Mwanamke mmoja wa makamo hakupaza sauti. "Nililigusa na mama yangu," akasema. "Ilikuwa mara yake ya mwisho kutoka nyumbani." Verna alitaka kumwambia kwamba aliligusa lenyewe, lenyewe kabisa. Akafunga mdomo.

"Bi Corinne," Glenn akasema, "chama kinakuomba radhi. Hatukujua."

Corinne alikuwa amesimama. "Mjomba alikuwa anajua?" akamuuliza Verna.

"Hapana."

"Basi sitaki kuliona. Mpeni achukue."

Glenn akalikunjakunja lile koti, koti ambalo juzi tu alilipokea kwa glavu nyeupe, akalirusha. Lilipita juu ya safu tatu za viti likaangukia meza ya biskuti. "Beba tambara lako, Luteni," akasema. Kisha, kwa kuwa shughuli lazima iishe, akavua koti lake mwenyewe akaligeuza, akalitundika kwenye kiango, na watu wakaanza kupanga foleni kuweka viganja kwenye bitana iliyoloa jasho la muuza vigae.

Verna akaokota koti, akapangusa makombo, akatoka. Hakuna aliyempisha, ikabidi apite kwa mabega.

Korido ilikuwa tupu mpaka Corinne alipomfuata, na wale maofisa wawili nyuma yake, mmoja amenyanyua simu anarekodi.

"Wewe ndiye Verna wa kwa dobi?"

"Mimi."

"Alikutaja hospitalini. Alikuwa haongei sana siku zile. Alisema Erie yuko mtu mmoja ambaye hajawahi kumdanganya." Akalitazama koti mikononi mwa Verna. "Nilikuwa nimekuja nikutafute nikushukuru."

Ukweli wote ulimjia Verna mdomoni. Akaitazama ile simu.

"Alikosea," akasema.

Corinne akamtazama kidogo kama anayetafuta kitu, kisha akageuka akarudi ukumbini.

Dobi hafungui Jumapili, lakini Verna ana ufunguo. Akawasha taa ya mezani peke yake, akaketi kwenye cherehani, akalilaza koti na kuanza kufumua bitana. Alitoa pamba ya mabega, akatoa sponji, sita upande huu na sita upande ule, nyingine bado zina chaki aliyoandikia mwaka. Chini ya mkono ndani kabisa palikuwa na kitambaa kidogo cha studio chenye jina Purvis limeshonwa kwa uzi wa fedha, ambacho Glenn angekipata kama angeligeuza. Alipomaliza, koti lililala mezani jembamba, bapa. Kwa mazoea akapitisha tepu kwenye kifua cha koti. Halikuwa na mtu, na tepu haikumwambia lolote.

Akalisonya. Akamsonya Glenn, akawasonya na mia tatu wote. Kisha akaingiza mkono kwenye mkono wa koti na kuligeuza, vizuri, bila kuvuta mshono, akaweka kiganja kwenye bitana.

"Nilikuona ndani," akasema. "Wao walikuona nje. Yatosha."

Akalishona tena jioni ile ile, mshono mdogo mdogo, bila kitu ndani. Akalipiga pasi, akalitundika, akalivika nailoni kama nguo yoyote ya mteja, akajaza tiketi. Kwenye jina akaandika Purvis. Nafasi ya siku ya kuchukuliwa akaiacha wazi, akalisukuma koti mwisho wa reli ya kutundikia nguo, nyuma ya magauni ya harusi ambayo wenyewe hawakurudi.