Niliongoza Maombi ya Shukrani Ili Kituo Kisihamishwe

Admin, ukiposti hii ficha jina langu, huku Gesima tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kituo chetu cha majani chai. Roho yangu haina amani.

Kituo kiko kwenye mteremko. Lori la kubeba majani huegeshwa upande wa juu, jiwe likawekwa nyuma ya gurudumu, nasi wakulima tunangoja kupima hapo chini. Mwaka jana mvua ilinyesha, jiwe likateleza, lori likaanza kurudi nyuma likitufuata. Tulipiga nduru jamani! Likagonga kisiki cha mkaratusi, likasimama. Hakuna aliyeumia hata kidole. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kutokea tangu kituo kijengwe.

Kwenye mkutano jirani yangu, Mama Moraa, alisimama. "Mwenyekiti, hii kituo tuhamishe pale juu penye ni tambarare. Siku ingine hiyo kisiki haitatusaidia."

Alisema kweli, na nilijua. Lakini kibanda changu cha chai na mandazi kiko hapo kituoni, na wateja wangu ni hao hao wanaongoja kupima. Nikamjibu, "Mama, Mungu ametuokoa, na wewe unataka kumfundisha kazi?" Watu wakacheka. Nikaongoza maombi ya shukrani, nikatangaza kwamba mahali hapa pamebarikiwa, wakaitikia amina kwa nguvu. Habari ya kuhama ikaishia hapo. Mpaka leo Mama Moraa hungojea kando peke yake, hata akinyeshewa, na watu humtania kwamba hana imani.

Baadaye nilipanua kibanda. Kile kisiki kilikuwa kimenizibia nafasi, nikaking'oa, nikaweka benchi za wateja.

Jiwe ni lile lile. Zamani akina mama walikuwa na woga kidogo, watoto waliwaacha mbali na lori. Siku hizi wanawalaza kwenye benchi zangu, kwa sababu mwenyekiti alisema Mungu hupalinda. Juzi nilimwona mke wangu akimlaza mjukuu wetu hapo. Nilifungua mdomo nimwambie amtoe, nikajikuta namuuliza kama maziwa yamechemka. Najichukia.

Nikisema ukweli, kanisa lote litajua nilitumia jina la Mungu kulinda mandazi. Nikinyamaza, mvua imeanza tena. Ndugu zangu, nianzie wapi? Hata mkinitukana nitasoma, ila mnijibu leo. Kesho lori linakuja.